Mama Anagombana na Etheni

Mama yangu ni mtu wa kugombana na kila kitu, lakini sikutegemea agombane na karatasi ya maswali. Nilimtungia jaribio la kemia, nikamwacha mezani kwangu hapa Katubuka, Kigoma mjini, mimi nikatoka kuanua nguo. Niliporudi alikuwa ameshamaliza, na chini ya swali moja alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe kwa kalamu nzito: aliyetunga swali hili hajawahi kuvumbika ndizi.

Aliyetunga nilikuwa mimi.

Swali lenyewe liliuliza kwa nini ndizi mbichi zikifungiwa pamoja na tunda lililoiva huiva upesi. Jibu la kitabu ni etheni, gesi nyepesi ya kaboni mbili na hidrojeni nne, ambayo tunda likiiva huitoa lenyewe, na ikiwafikia wenzake wabichi nao huanza kuiva. Mama alikuwa ameandika neno moja tu: joto. Nikampiga mkasi, ile alama ya kukosa. Akaivuta karatasi, akauangalia ule mkasi, akaniangalia mimi.

"Mwana wanje, wewe umekula ndizi zangu kabla hujaota meno. Leo ndiwe unayeniambia sijui zinavyoiva?"

"Mama, nakuambia kitabu kinavyosema."

"Basi kitabu kije Simbo nikipe jembe."

Mimi nina hasira za karibu, na huyu ndiye aliyenirithisha. Tulibishana mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna msiba.

Ili mjue alivyokuwa na haki ya kufoka, niwaeleze kazi yake. Kwetu Simbo, kijijini, mama anavumbika ndizi za watu na za kwake. Linachimbwa shimo, linawashwa moto ndani mpaka udongo upate joto, majivu yanazolewa, linatandikwa majani ya mgomba, mikungu inapangwa, inafunikwa kwa majani na udongo. Pembeni kunaachwa tundu, na kwenye tundu hilo unapulizwa moshi wa majani makavu yanayofukuta. Siku ya kufukua unakuta ndizi njano tupu, tayari kwa juisi, kwa pombe ya sherehe, au kwa kupelekwa sokoni. Sheria kubwa ya mama ni kwamba moto wa kwenye tundu usizimike, kwa sababu shimo likipoa ndizi haziivi. Ndivyo alivyofundishwa na bibi, na bibi alifundishwa na mama yake. Ukimwambia kazi inafanywa na kitu kingine zaidi ya joto, ni kama umewatukana wote hao kwa mpigo.

Sasa mtu atauliza, mwanamke mwenye biashara yake na wateja wake anatafuta nini kwenye hidrokaboni, hivyo vitu vya kaboni na hidrojeni? Alikuwa anatafuta cheti cha kidato cha nne, na ndani ya cheti hicho alama ya kufaulu kemia, maana bila kemia chuo cha famasia hakikuangalii mara mbili. Tangu akiwa msichana mama alitaka kitu kimoja: asimame nyuma ya dirisha la dawa, aisome karatasi ya mgonjwa, amwambie huyu meza kimoja asubuhi kimoja jioni, tena baada ya kula. Alikuwa kidato cha tatu, anafanya vizuri, kemia ndiyo anaipenda kuliko yote, ndipo akabeba mimba. Enzi hizo mimba ilikuwa mwisho wa habari. Aliitwa ofisini, akaambiwa afungashe. Darasa lake lilikuwa limemaliza asidi na chumvi. Hidrokaboni zilikuwa za mwaka unaofuata. Hakuzifikia.

Mimba hiyo ni mimi.

Hakuna aliyewahi kunitupia usoni, mama ndiyo kabisa. Lakini mtoto anajua. Kila nilipofaulu mtihani nilifurahi nusu, nusu nyingine naona kama nimevaa nguo ya mtu. Sikuchagua kuwa mwalimu wa kemia kwa bahati tu, na wala sijawahi kumdanganya mtu kwamba ni bahati.

Ilipotoka ruhusa kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ajili ya ujauzito warudi darasani, mimi ndiye niliyempelekea habari. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Na wamama?" akauliza.

Nikamwambia mtu mzima hana haja ya kukaa na watoto. Anajiandikisha mwenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea, tena mlango huo ulikuwepo siku zote. Kisu kikasimama.

"Siku zote? Na mimi nina mwalimu wa kemia ndani ya nyumba, namlisha ndizi, ananyamaza!"

Ndivyo tulivyoanza.

Masomo mengine alisoma kwenye kituo cha jioni mjini Kigoma. Kemia akasema atasoma na mimi, kwa sababu mimi ananiweza. Mtihani unakuja kwa Kiingereza, sisi tunaelezana kwa Kiswahili, na mama akizidiwa anagombana kwa Kiha. Kitabu kilikuwa na michoro ya kaboni na vijimstari vyake, akaitazama weee, akasema haya ni mabuibui. Nikaenda jikoni, nikarudi na nyanya chungu, maharage yaliyolowekwa na njiti za ufagio. Nyanya chungu ni kaboni, haragwe ni hidrojeni, njiti ni mkono. Kaboni ina mikono minne, haina mitatu wala mitano, na haikubali mkono wake wowote ukae bure. Nyanya chungu moja, njiti nne, maharage manne: hiyo ni methani. Mbili zilizoshikana mkono mmoja, maharage sita: ethani. Akatengeneza propani, akatengeneza butani, akazipanga mezani kwa urefu.

"Kumbe ni watoto wa mama mmoja," akasema. "Kila anayezaliwa anamzidi mwenzake nyanya moja na maharage mawili."

Nimesoma chuo kikuu, na sikumbuki mtu aliyenieleza jambo hilo kwa ufupi hivyo. Jioni alizipika zote pamoja na dagaa. Tulikula familia nzima ya alkani na ugali, na propani ilikuwa na chumvi kidogo.

Tangu hapo akawa anatembea nazo. Akishuka Kibirizi kuwauzia wavuvi ndizi, simu yangu inalia katikati ya kipindi: petroli ya boti ina kaboni ngapi? Mafuta ya taa je? Dizeli? Nikamweleza kwamba kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo kitu kinavyokuwa kizito na kigumu kuchemka, toka gesi ya mtungi, petroli, mafuta ya taa, dizeli, mpaka nta ya mshumaa na lami ya barabarani. Alipokuja nyumbani alikuwa ameshatengeneza maelezo yake. Wafupi wanaruka, warefu wanakaa, alisema. Nikamwambia aandike kwa maneno ya mtihani. Akaandika, akaninunia.

Kilichomfurahisha kuliko vyote ni habari ya kushiba. Alkani zimeshiba: kila mkono wa kaboni umeshika kitu. Mgeni kama klorini akija, tena lazima jua liwepo, inabidi hidrojeni mmoja atoke nje ndipo mgeni akae. Lakini etheni haijashiba. Kaboni zake mbili zimeshikana kwa mikono miwili, na mkono mmoja kati ya hiyo uko tayari kuachia wakati wowote. Mgeni akija anapokelewa bila mtu kufukuzwa.

"Narudia," akasema mama. "Aliyeshiba, ili akupokee, lazima amtoe mtu. Mwenye njaa anakupokea na wa kwake wote wanabaki."

"Hapo umepata alama zote."

"Hiyo si kemia. Hao ni ndugu zangu."

Siku nyingine nikataka aone kwa macho, maana shuleni kwetu maji ya bromini, yale ya kupimia nani ameshiba na nani ana njaa, tunayasikia tu. Kule Ujiji, ufukweni, kuna fundi wa kulehemu anayeziba boti za chuma. Alinipa kijiwe cha kabaidi, na mimi nikanunua pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, duka la dawa. Tukakaa nje kwenye upepo, mbali na moto wa mtu yeyote. Kabaidi ikiguswa na maji inatoa ethini, ndugu yao mwenye njaa kuliko wote, kaboni zake zimeshikana mikono mitatu. Inanuka! Kitunguu saumu kilichooza, jamani. Nikaipitisha kwa kipande cha mpira mpaka kwenye glasi ya pamanganeti. Zambarau ikafifia, ikafifia, ikabaki rangi ya udongo. Kwenye glasi ya pili nikapuliza gesi ya kiberiti cha kubonyeza, ile butani iliyoshiba. Mapovu yakapita, zambarau ikabaki palepale.

Mama aliinama kati ya zile glasi mbili mpaka leso ikamdondoka. Aliniomba nirudie, nikarudia, akaniomba tena, kabaidi ikaisha. Fundi akacheka, akamuuliza kama ameanza kujifunza kulehemu.

"Najifunza kuuza dawa," akamjibu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka jambo hilo mbele ya mtu asiyemfahamu.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia kuna wachuuzi wanaoivisha ndizi kwa jiwe hilohilo. Nikamwambia najua, na kwamba halifai, lina uchafu wa sumu. Akasema yeye hajawahi kuligusa. "Lakini zinaiva," akasema. "Bila shimo. Bila joto." Nikabana mdomo wangu, kitu ambacho kwangu ni kazi ngumu.

Ndipo likaja lile jaribio na ule mkasi.

Baada ya ugomvi nilitafuta ndoo mbili. Ya kwanza nikaweka ndizi mbichi peke yake, nikaiweka karibu na jiko. Ya pili nikaweka ndizi za mkungu uleule na parachichi lililoiva, nikaifunika, nikaiweka pembeni chini ya sinki, penye baridi. Tulipofunua, za sinki zilikuwa zimegeuka njano na za jikoni bado kijani. Nikamgeukia mama kwa madaha. Nilistahili kofi.

"Hiyo ya pili uliifunika vizuri," akasema. "Ya kwanza kifuniko kimepinda. Na zile za juu ya mkungu huwa zinatangulia. Uligawa vipi?"

Sikuwa nimegawa vipi. Nilichukua tu.

"Wewe unafundisha watoto wa watu hivi?"

Akafunga safari kwenda Simbo, akaniambia Jumamosi, shule zikishafungwa, nimfuate. Nilipofika nilimkuta na mjomba, mdogo wake, wamechimba mashimo mawili yanayolingana. Mikungu ilikuwa imekatwa siku moja kwenye migomba ya aina moja, kila mkungu umegawanywa, juu kwa juu na chini kwa chini. Shimo la kwanza lilichomwa moto kama kawaida, likapata joto lake, likafunikwa likazibwa, lakini halikupewa moshi hata kidogo. Shimo la pili halikuonja moto. Udongo wake ulikuwa baridi. Moshi wa majani ulitoka mbali, ukapita ndani ya bomba refu lililolazwa kwenye karai la maji, ukaingia shimoni ukiwa umepoa. Mjomba alikuwa anapuliza huku akikohoa, akiapa kwamba dada yake ameharibikiwa na shule.

"Moshi usio na joto," mama akaniambia. "Na joto lisilo na moshi. Sasa hiyo etheni yako ijitokeze tuione."

Nilitaka kumkumbatia pale pale. Hakuna aliyemfundisha kutenganisha mambo mawili ili ajue lipi ni lipi. Mimi nilikuwa nimeshindwa kulifanya kwa ndoo.

Kusubiri ndizi ni kazi ya kukaa. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu pale, mjomba amekwenda kutafuta majani, mama anachochea moshi kwa kijiti na kitabu kiko mapajani kwake. Alikuwa anasoma kuhusu kuungua: hidrokaboni ikipata oksijeni ya kutosha moto wake ni wa buluu, inabaki kaboni dayoksaidi na maji, ikikosa, inatoa masizi na ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Alikuwa anasoma kwa sauti, Kiingereza chake kinapanda na kushuka kwa lafudhi ya Kiha, kidole kinafuata mstari. Nikashindwa kujizuia. Nikalitoa.

"Mama, ungekuwa ulishasoma haya zamani. Ulitolewa shule kwa ajili yangu."

Hakufunga kitabu. Alinitazama hivyo anavyonitazama ninapokosea bei.

"Nani kakwambia?"

"Najua."

"Hujui. Mimi nilitolewa na watu. Watu wazima, wamevaa viatu, wamekaa kwenye viti. Wewe ulikuwepo? Wewe hata meno hukuwa nayo." Akachochea moshi. "Ningekuwa nakudai ningekuambia. Unanijua mimi, naweza kunyamaza na deni?"

Nikaanza kulia, yeye akasema ni moshi, akanisogeza upande wa pili. Sijui kama nimewahi kupumua vizuri namna ile, na pale palikuwa na moshi kweli. Kisha akaniuliza tofauti ya masizi na majivu, nikamjibu huku napenga kamasi.

Tukafukua. Shimo la joto tupu lilikuwa na ndizi za kijani, zimetoka jasho, chache tu ndizo zilianza kubadilika. Shimo la moshi baridi lilikuwa limeiva. Si kwa ule wepesi wa shimo lake la kawaida, maana joto nalo lina kazi yake, linaharakisha. Lakini njano ilikuwa njano, na mjomba alikuwa ameshamenya ya kwanza. Mama alikaa kwenye kingo za shimo, miguu ndani. Alishika ndizi mbichi mkono huu na mbivu mkono ule.

"Kwa hiyo hata kwenye moshi imo," akasema.

"Imo. Majani yakifukuta bila hewa ya kutosha, inatoka."

"Bibi yako alikuwa anapuliza etheni maisha yake yote."

"Ndiyo."

"Na akaiita joto." Akaufikiria mwendo wote huo, toka kwa mama yake mpaka kwangu. Nilidhani atasikitika. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akaegemea udongo. "Basi hakukosea shimo. Alikosea jina tu. Nipe karatasi yangu nisahihishe."

Mwezi wa mtihani ulifika na mvua zake. Hapo sasa ndipo nilipomwona mama yangu ameogopa. Kituo alichopangiwa kilikuwa shule ileile alikoambiwa afungashe. Hakunisimulia, nililiona jina kwenye fomu, nikamuuliza kama tuombe kubadilishiwa. Akasema hapana, lakini usiku uliotangulia alikunja na kukunjua sketi ileile. Asubuhi tukapanda bajaji. Getini akasimama.

"Nilisimama hapa," akasema. "Na sanduku la bati. Nilimsubiri mjomba wako mpaka jua likazunguka upande ule."

"Mama, turudi?"

"Aka! Nirudi nini? Mara ile walinitoa. Leo wameniita kwa barua."

Msimamizi kijana alikuja mbio na mwavuli. "Shikamoo mama. Walimu wanapita mlango wa huku."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mtahiniwa."

Yule kijana akaduwaa, kisha akamfunika mwavuli na kumpeleka mwenyewe mpaka mlango wa chumba. Wasichana waliokuwa kwenye foleni wakasogea wampishe. Alikataa. Akasimama nyuma yao, akasubiri zamu yake.

Siku ya kemia nilimsubiri nje kwenye kibanda cha chai na sikunywa chai. Alipotoka, uso ulikuwa umekunjamana.

"Vipi?"

"Hawakuuliza ndizi!"

"Nini?"

"Ndizi! Hakuna ndizi hata moja. Tumechimba mashimo, tumemkohoza mjomba wako, nimekubali kushindwa na wewe, halafu hawaulizi?" Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Wameuliza nitawatofautishaje ethani na etheni. Nimewaandikia bromini. Nimewaandikia na pamanganeti. Nilitaka kuwaandikia na harufu ya kabaidi, muda ukaisha."

Majibu yalitoka mwanzoni mwa mwaka. Mtandao ulikuwa unasuasua, watu wote wa Kigoma nadhani walikuwa wanafungua ukurasa uleule. Mama alikuwa sokoni, nikamfuata nikiwa nimeshika simu juu kutafuta mnara. Ilifunguka tukiwa katikati ya mikungu yake. Nikatafuta namba yake, nikaipoteza, nikaipata. Hisabati ilikuwa imemlaza chini, F safi. Kiswahili B. Baiolojia D. Kemia C.

Nilisoma tena ule mstari. Nikausoma kwa sauti. Wenzake wa sokoni wakapiga vigelegele kabla hawajajua ni nini, yeye akanyakua simu.

"C? Nani alisahihisha?"

"Mama, C ni nzuri! Chuo kinataka D!"

"Najua kinataka nini. Nauliza, nani alisahihisha?" Kisha akakaa juu ya kreti, akafunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika. Nikapiga magoti kwenye matope nikamshika. Mteja aliyekuja kuuliza bei aliambiwa na jirani wa meza achukue tu, leo hakuna anayejali.

Nafasi aliipata kwenye chuo cha mkoa mwingine, ngazi ya cheti. Shimo la Simbo likabaki mikononi mwa mjomba, na kabla ya kuondoka mama alimweleza habari ya bomba na moshi mpaka akakimbia. Siku ya safari tukashuka stesheni na godoro lililoviringishwa, ndoo na begi la mgongoni jipya. Nilikuwa sinyamazi. Umebeba chaja? Ukifika piga. Usile mihogo ya njiani. Usikubali kukopesha godoro. Kama hisabati ya vipimo vya dawa itakusumbua, uliza, usione haya.

"Mwalimu, acha," akasema.

Akapanda, akapata dirisha. Filimbi ikalia. Nikamshika mkono kupitia dirishani, na sikutaka kuuachia.

"Usije kunitembelea kabla ya likizo," akaniambia. "Utanichanganya na masomo."

Behewa likavutwa. Nikatembea nalo kidogo, nikakimbia kidogo, kisha jukwaa likaisha. Nikasimama pale nalia bila aibu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinisogelea akanigusa bega.

"Pole dada. Umemsindikiza mtoto shule?"

"Mama yangu," nikasema.

"Mama yako! Anaenda wapi?"

"Shule," nikamwambia, na nililitamka kwa nguvu kiasi kwamba wapagazi waligeuka.